Bia Isiyoangusha Mtu

Jamani, mniwie radhi nikirukaruka, nimekuja mbio na pumzi bado iko njiani. Nina habari. Ni ya nchi yetu, Zingwe, na kama hamuijui msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu iko kwa Kamati ya Mipaka tangu mwaka ule wa nzige, na wajumbe bado hawajakubaliana rangi ya bahari, ambayo hatuna. Ni nchi nzuri sana. Ina amani, ina bendera mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi, na ina Wizara ya Vinywaji na Mwenendo Mwema. Siisemi vibaya wizara. Mimi naeleza tu nilichokiona.

Naitwa Hidaya. Nimesoma vijidudu chuo kikuu, miaka minne. Shangazi Mwasiti, aliyenilea, alipoambiwa nimehitimu vijidudu aliuliza kama chuo kizima kile hakikuwa na kitu kikubwa zaidi cha kunifundisha.

Shangazi alipika pombe ya mtama miaka ishirini na miwili. Kilabu chake kilijaa mpaka watu wakanywea dirishani. Siku moja akafunga, bila ugomvi wala msiba. Alisema amechoka kuwafungulia mlango watoto wanaokuja kuchukua baba zao. Lakini tangu hapo akakosa raha. Alikosa povu, alikosa harufu ya kimea kikichemka, alikosa watu wanaobishana mambo yasiyowahusu. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hivyo vijidudu vyako haviwezi kupika bia ambayo mtu anakuja na miguu yake na anaondoka nayo hiyohiyo?"

Vikaweza. Yaani ngojeni niwaeleze, maana hapa huwa nasisimka mpaka watu wananikimbia. Hamira ya kawaida haina adabu. Ukiipa maji ya kimea inafagia sukari yote, na inachokitoa ndicho kilevi. Mimi nikatafuta hamira inayochagua chakula. Nilikwangua maganda ya matunda, maua, magome ya miti nyuma ya bweni, nikajaribu aina arobaini, zote walafi. Ya arobaini na moja niliitoa kwenye ganda la zambarau. Hiyo inaonja kasukari kadogo tu. Sukari ya kimea inaitazama na kuiacha. Harufu inatoa, povu inatoa, ladha inatoa, kilevi hakuna. Nikaiita Mideko. Tukapika kwa kimea cha mtama na yale maua machungu ya hopsi, tukajaza chupa. Shangazi akanywa glasi nzima, akafuta povu mdomoni, akakaa. Tukasubiri. Hakuna kilichotokea. Akaanza kulia.

"Ni bia," akasema. "Na bado najua leo ni Jumanne."

*

Kuuza kitu Zingwe ni rahisi mno. Unahitaji kibali tu. Ila ili upate kibali, kitu chako lazima kiwe ni kitu, yaani kiwe kimetajwa kwenye sheria. Tukaanza na dirisha la soda. Dada wa dirishani akauliza kama kuna hamira. Nikasema ndiyo, tena ya kipekee duniani. Akatusukumia fomu kwa ncha ya kalamu kama vile ingemuuma. Sheria ya Zingwe inasema kilichoguswa na hamira ni mkate au ni bia, cha tatu hakuna. Akatushauri, kwa kuwa hakileweshi, tujaribu mkate.

Idara ya Mikate walitupokea vizuri sana, hata viti tulipewa. Ofisa alitujazia fomu kwa mkono wake mwenyewe mpaka akafika kwenye idadi ya vipande. Nikamwambia, Mheshimiwa, hii ni ya maji, haikatwi. Akafikiri, akamwita mwenzake. Wakamimina bia kwenye sahani, wakaleta kisu, wakajaribu kwa nia njema kabisa karibu nusu saa. Mmoja akadai alipata vipande viwili lakini havikukaa. Ombi letu likakataliwa kwa maelezo kwamba mkate wetu hauna ushirikiano.

Likabaki dirisha la bia.

Sasa sikilizeni. Zingwe bia haipimwi kwa mashine, mashine ni mambo ya wageni. Bia inapimwa na Waonjaji wa Taifa, watu watano wenye makoti ya kijani, ndani ya Ukumbi wa Mstari. Sakafuni pale kuna mstari wa chaki wa hatua ishirini. Ulichorwa siku ya uhuru, na kila mwaka Rais anaupitia upya kwa chaki huku mizinga ikilia. Mwonjaji anakunywa chupa tatu, kisha anatembea juu ya mstari. Akiangukia kushoto, bia ni daraja la pili. Akiangukia kulia, daraja la kwanza. Akianguka chali, bia hiyo inauzwa nje ya nchi na mwonjaji anapewa nishani.

Mwonjaji Mkuu alikuwa Mzee Togolai, mtu mwenye macho mekundu na sauti ya upole, aliyekuwa ameshika ukuta tangu tulipoingia.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Na mtu asipoanguka?"

"Marahaba, binti. Haijawahi kutokea." Akafungua kitabu cha sheria, akakigeuza kwanza maana kilikuwa juu chini. "Asipoanguka, jaribio halijakamilika. Ataongezewa chupa mpaka likamilike."

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Mbegu safi ya hamira ikabidhiwe wizarani, yote, ifungiwe kwenye friji lenye kufuli mpaka jaribio liishe. Hapa niwaombe mnisikilize kwa makini, kwa sababu roho yangu iko hapa. Hamira unaweza kuirudia: unachota matope yaliyotulia chini ya pipa, unapikia pipa jingine. Lakini baada ya mapipa nane au tisa inaharibika tabia, inachanganyika na hamira za mtaani, inaanza kula sukari zote kama wenzake. Hapo hakuna ujanja, unarudi kwenye mbegu safi. Na mbegu safi ya Mideko ilikuwa kichupa kimoja, ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi. Duniani hakuna kingine. Hata ule mzambarau haupo, serikali iliukata kupisha sanamu ya kiongozi aliyepanda miti mingi.

Shangazi aliniambia nifiche kijiko kimoja nyumbani. Nikamjibu, Shangazi, sisi wasomi tukianza kuidanganya serikali nani atabaki? Nikakabidhi yote. Nikapewa stakabadhi yenye mihuri minne. Niliipenda sana ile stakabadhi.

*

Siku ya kwanza walikunywa chupa kumi na tano. Wakapita juu ya mstari mmoja baada ya mwingine, wima, kama askari wa gwaride. Mmoja wao, alipofika mwisho, aliangalia nyuma kama mtu aliyepitiliza nyumbani kwake. Mzee Togolai akaandika "halijakamilika" na kuagiza nyingine kesho yake.

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Na sheria inakataza mwonjaji kugusa kinywaji kingine jaribio likiwa linaendelea, isije ikavuruga matokeo. Kwa hiyo watu wazima watano, ambao hawajapitisha siku kavu tangu ujana wao, wakakaa wiki nzima, na nyingine, na nyingine, wanakunywa bia yetu tu. Waliipenda, hilo siwezi kuwanyima. Walikuwa wanailamba mpaka povu la mwisho, halafu wanaikatalia kibali.

Sisi nyumbani tunapika. Pipa la pili, la tatu, la tano. Mikono ya Shangazi imebabuka kwa mvuke. Mimi kila pipa likiisha nahesabu kama mtu anayehesabu homa ya mgonjwa. Hatujauza hata chupa moja, zote zinakwenda wizarani kutembezwa kwenye chaki. Majirani wanaulizia, akina mama wa kwaya wanaulizia, wenye harusi ya Kiislamu mtaa wa pili wanaulizia, na Shangazi anawajibu kila siku kwamba serikali bado haijaanguka.

Nikaenda kumlilia Mzee Togolai aniruhusu niilishe mbegu yangu, maana hamira ni kiumbe, ikikaa bila chakula inakufa. Akasema mimi kufungua friji siruhusiwi, ila yeye anaruhusiwa. Nikamfundisha: Ijumaa kijiko kimoja cha maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa, usiguse mdomo wa kichupa, funga, rudisha. Siku ile mikono yake haikutetemeka. Yeye mwenyewe aliitazama kwa mshangao, mikono yake. Na hakukosa Ijumaa hata moja.

*

Mambo yakaanza wiki ya tatu. Mwonjaji mmoja alifika kazini saa mbili kamili asubuhi. Mlinzi akamzuia, hakumtambua, alikuwa hajawahi kumwona akiwa hajabebwa. Mwingine akafuta vumbi mezani akakuta meza. Wakaanza kusoma.

Hilo la kusoma ndilo lililoleta shida. Kwetu Waonjaji wa Taifa ndio wanaoweka sahihi ya mwisho kwenye kila karatasi ya nchi, kwa sababu walionekana kuwa watu pekee ambao mkono wao hausiti. Sasa wakasoma walichokuwa wanasaini. Wakagundua hospitali ya Kiwambo, iliyozinduliwa mara nne, ni uwanja wenye utepe. Wakagundua tuna Shirika la Meli lenye wakurugenzi arobaini. Mama mmoja mjane aliyekuwa anafuatilia kibali cha genge tangu ana meno yote alikipata siku hiyohiyo aliyoulizia. Akaenda moja kwa moja polisi kuripoti kwamba ametapeliwa. Polisi walikikagua kibali, wakaona muhuri ni wa kweli, tarehe ni ya kweli, wakakiweka mahabusu kwa uchunguzi.

Mzee Togolai yeye alinipigia simu, sijui namba yangu aliitoa wapi, akaniomba nipite ofisini. Nilimkuta amekaa mbele ya glasi yetu, povu limeshatulia.

"Jana nilimuuliza mke wangu binti yetu yuko darasa la ngapi," akasema. "Kaniambia ana watoto wawili."

Nikasema hongera, Mzee, umeshakuwa babu.

"Harusini nilikuwepo, Hidaya. Nimeonyeshwa picha. Nimesimama katikati." Akanywa kidogo. "Hii bia yenu ni kali sana, mwanangu. Sijawahi kunywa kitu kinauma hivi."

Akarudi kwenye makaratasi. Jioni ile waonjaji wote watano waliandika ripoti ya kurasa mia moja na kumi juu ya mambo waliyoyakuta mezani, wakaipeleka kwa Waziri. Kwa nia njema, jamani. Walidhani hajui.

*

Mheshimiwa Waziri Kandihabi akaja Ukumbi wa Mstari na waandishi wa habari, bendi, na kiti chake. Nilikuwepo, nimesimama na kreti. Aliutazama mstari muda mrefu, halafu akahutubia.

"Ndugu wananchi, mstari huu uliwaangusha babu zetu, ukawaangusha baba zetu, na wote walianguka kwa heshima. Leo ametokea binti na kichupa, watu wanapita wima. Sasa niwaulize, kama watu wamenyooka, kilichopinda ni nini?"

Bendi ikapiga. Tume ikaundwa hapohapo. Wajumbe wakalala kifudifudi kukagua chaki, wakavuta uzi, wakapiga magoti, na baada ya siku nne wakatoa taarifa: mstari umenyooka kupita kiasi na hauendani na hali halisi ya nchi. Ukafutwa. Ukachorwa mwingine, una kona kama nyoka aliyepigwa jiwe, ili mtu yeyote mwenye akili zake asiweze kuufuata. Waonjaji watano, kwa upande wao, walipimwa wakakutwa na ugonjwa wa kukumbuka. Wakapewa likizo ya matibabu kuanzia Jumatatu, kwenye hoteli ya serikali, chupa sita za bia ya kawaida kwa siku, zisipungue.

Na sisi pipa la tisa likatusaliti. Nilifungua kifuniko, ikanipiga harufu ya kilabu. Nikapima: kilevi. Hamira yetu ilikuwa imeshazoeana na wahuni. Shangazi alinusa mara moja tu, akavua aproni, akakaa chini sakafuni na miguu mbele kama mtoto. Nikakimbilia wizarani. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya Mzee Togolai.

Nilimkuta ndiyo kwanza amemaliza kuilisha. Kichupa kiko mezani, kati yangu na yeye. Friji wazi. Ufunguo mkononi. Koridoni hakuna mtu.

"Mzee, nipe," nikasema. "Nakuomba. Kijiko kimoja tu."

Alikitazama. Mimi niliona kabisa anataka.

"Jaribio halijafungwa," akasema. "Sheria inasema haitoki mpaka lifungwe. Nimeisoma yote, Hidaya. Miaka kumi na tisa niliisimamia bila kuisoma, nikawaumiza watu. Sasa nimeisoma. Siwezi kuanza uaminifu kwa kuiba."

Nikamwambia hiyo ni yangu. Akasema anajua. Akaniandikia barua ya kuomba itolewe, barua nzuri, haina kosa hata moja, akaisaini, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye trei ya mtu ambaye lazima aiidhinishe Jumatatu. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, na Jumatatu hayupo. Akarudisha kichupa, akafunga kufuli, akanipa pole kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara, magari yananipigia honi. Togolai yule wa zamani, aliyeshika ukuta, angenipa friji lenyewe na angenisaidia kulipakia. Mtu kanyooka kwa bia yangu mwenyewe, na unyofu wake ndio ukanifungia mlango. Hebu niambieni ningemtukana nani.

*

Kufunga jaribio, ikatangazwa, Mheshimiwa Waziri ataonja yeye mwenyewe, mbele ya taifa, juu ya mstari mpya. Tukaalikwa. Shangazi alivaa kitenge chake cha sikukuu, kwa sababu alisema jaribio likifungwa tutarudishiwa mbegu, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka, kibali hata wakale.

Wakaleta chupa tatu za pipa la nane, za mwisho zilizo nzima. Waziri akazitazama kwa dharau. Akauliza, kinachopewa wananchi ni hiki, na kile kinachofungiwa kwa kufuli ni kipi? Msaidizi akamwambia, Mheshimiwa, kile ndicho chenyewe, hizi zote zinatoka humo. Waziri akatabasamu, tabasamu la mtu aliyegundua kwa nini siku zote anapewa cha pili. Akaamuru kiletwe.

Nilipiga kelele. Nakiri. Nilisema Mheshimiwa, hiyo si ya kunywa, hiyo ni mbegu. Bendi walidhani nashangilia, wakaongeza sauti. Shangazi aliruka kamba iliyozuia watu, mama wa miaka sitini na moja na kitenge chake, akafika hatua tatu kutoka kwenye kiti kabla askari hawajamkamata. Kutoka pale aliona kila kitu. Waziri aliinua kichupa kwenye taa, akaonyesha kamera upande wa kulia, akaonyesha upande wa kushoto, akakigeuza mdomoni. Akakitikisa kwa ajili ya tone la mwisho. Akasema ni nzito, ina mwili.

Kisha akatembea. Kona ya kwanza alienda, ya pili mguu ukakataa, ya tatu akaanguka chali, miguu juu, kofia ikabiringika mpaka kwa wapiga picha. Mizinga ikalia. Watu walilia kwa furaha. Alipoinuliwa alitangaza kwamba kwa miaka yake yote ya utumishi hajapata kukutana na kinywaji chenye nguvu kama hicho.

Cheti tunacho. Kina fremu. Kinasema bia yetu ni kali kuliko zote nchini, isiuzwe kwa wanawake, wazee, wenye imani, wala mtu yeyote anayetarajia kuamka siku ya pili. Na bia ikikutwa haifikii ukali wa cheti, mpishi atashtakiwa kwa kuidanganya serikali. Shangazi alikisoma mara mbili akaniuliza, "Kwa hiyo ili nisifungwe, lazima niwaleweshe?" Nikasema ndivyo inavyosomeka. Akakigeuza uso ukutani.

*

Sasa hii ndiyo habari yenyewe, ya leo asubuhi, ndiyo imenileta mbio. Usiku sikulala, nikafungua madaftari yangu ya chuo. Hamira ni ngumu. Asidi ya tumbo inaua nyingi, lakini si zote. Ndani ya siku mbili zilizobaki hupita zikatoka upande wa pili, hai kabisa, nikizipata naweza kuzisafisha na kuziotesha upya. Waziri alikunywa juzi. Mnaelewa ninachosema? Mideko yote iliyobaki duniani iko kwenye utumbo wa Mheshimiwa Kandihabi, na leo ndiyo siku yake.

Saa moja asubuhi nilikuwa wizarani na kopo safi lenye kifuniko. Ofisa wa mapokezi alinisikiliza vizuri sana. Nikamweleza kisayansi, kwa heshima, bila neno lolote chafu, kwamba naomba dakika mbili tu kwenye choo cha Mheshimiwa, baada yake, kabla hawajavuta maji. Akauliza kama ninafahamu uzito wa ombi hilo. Nikasema sihitaji uzito mkubwa, hata kidogo kinatosha. Akapiga simu juu. Huko juu wakapiga juu zaidi. Nikaketi kwenye benchi, naangalia saa ya ukutani, na kila nilipofikiria ule mnyororo wa choo nilihisi unavutwa ndani ya kifua changu. Saa tatu ikapita. Saa nne. Saa tano kasoro, ghorofa ya juu, nikasikia maji.

Nikasimama. Nikamwambia ofisa, kaka yangu, kuna mara ya pili, bado kuna mchana, nakuomba. Akaninyamazisha kwa kidole, maana jibu lilikuwa linaingia kwenye simu. Akaliandika lote, akakata, akanisomea.

"Kinachotoka kwa Mheshimiwa Waziri ni siri ya serikali kwa miaka thelathini," akasema. "Isipokuwa hotuba. Hizo tunagawa bure."

Nikamwambia sihitaji hotuba. Akanipa tatu.